Matundu Kwenye Mtutu wa Baba Yako

Gueydan, Louisiana
6 Septemba 1994

Mwanangu Wendell,

Hujambo huko Nebraska? Najua baridi bado, lakini mimi kila nikikuwaza huko nakuwaza umejikunyata. Unakula? Usinijibu kwamba unakula, niambie unakula nini.

Sisi tu wazima. Mpunga umeshaingia ghalani, mwaka huu mashine imeendeshwa na vijana wa kukodi. Mbwa wako Rouge amekuwa na mvi puani, analala mlangoni na kila anayepita lazima amruke. Nolan, yule wa kuwinda na baba yako, anakusalimu. Bado anakuja kila asubuhi kunywa kahawa yangu na kusema ni nyepesi.

Sasa sikiliza, na usikasirike. Utapata boksi refu. Juu nimeandika fimbo za pazia. Si fimbo za pazia. Ni mtutu wa bunduki ya baba yako.

Nimeufungua mwenyewe. Kwanza nilihakikisha bunduki haina kitu tumboni, nikaangalia tena, nikamwomba na Bikira aangalie. Halafu nikazungusha kile kifuniko cha mbele, nikavuta, ukatoka. Nilikuona ukiufungua mezani kwangu tangu hujaota ndevu, nikasema kama mtoto anaweza, aliyemzaa hashindwi. Yule mama wa posta akaniuliza, Elda, mapazia ya nani? Nikamwambia ya mwanangu. Padri nimeshamweleza uongo huo. Alicheka, kwa hiyo sijui kama ulifutwa.

Tangu baba yako aanguke ngazi ya ghala, bega lake lina vyuma ndani. Daktari amesema anaweza kuwinda tena, lakini bunduki isiwe ya kupiga teke. Na ile ya baba yako unaijua, ni punda. Kwa hiyo ameifungia kabatini na kusema uwindaji ni mambo ya vijana. Amesema hivyo huku ananipa mgongo.

Pale kwa daktari nilikaa na mama mmoja wa Lake Charles, anayepiga visahani vya udongo vinavyorushwa hewani. Ana bega bovu kuliko la baba yako. Akaniambia bunduki yake imetobolewa matundu madogo karibu na mdomo, juu, na teke likapungua. Nikajisemea, mwanangu ni fundi wa bunduki, na mimi nakaa hapa nasikiliza habari za watu wa Lake Charles.

Itoboe, mwanangu. Msimu wa bata unafunguliwa katikati ya Novemba. Baba yako hajui.

Simu usipige. Unajua ni yeye anayepokea, na unajua anavyoiweka chini.

Mimi mama yako, niliyekuwekea na biskuti humo kwenye boksi, zisivunjike.


Grand Island, Nebraska
19 Septemba 1994

Mama yangu,

Nimefurahi kusikia mko salama. Biskuti zilivunjika zote, nikazila kwa kijiko. Ninakula maharage, nyama, na viazi. Mchele wa huku unashikana kama gundi ya fundi viatu, nimeuacha.

Boksi nililipokea nikaamini kabisa ni mapazia. Ni wewe peke yako duniani unayeweza kumtumia mwanamume mapazia asiyoyaomba. Niliulaza mtutu kwenye benchi nikakaa chini.

Mama, siwezi kuutoboa. Ngoja nikueleze.

Yule mama wa Lake Charles hakukudanganya. Baruti ikiwaka, moshi wake wenye nguvu unapanda juu kwa matundu na kuukandamiza mdomo wa bunduki usiruke. Teke halifi, ila linapungua makali. Huku nimewatobolea wengi. Lakini wapiga visahani wanasimama mbalimbali, kila mtu na hewa yake. Sisi kwenye kibanda cha kuvizia bata tunakaa paja kwa paja. Mlio unaotoka kwa yale matundu haumwendei bata, unamwendea jirani. Anayekaa pembeni ya mtutu uliotobolewa anapigwa kofi la sikio kila risasi.

Unamkumbuka binamu Terrel? Alikuja na mtutu uliotobolewa. Baba alivumilia risasi moja tu. Akamsukumia mtumbwi na kumwambia, "Bunduki ya matundu mwenzake ni kunguru. Nenda kamtafute." Nilikuwa nimekaa katikati yao. Terrel hajakanyaga kibanda kile hadi leo.

Na jambo la pili. Tundu halizibiki. Kitako kikivunjika naweza kuchonga kingine, skrubu ikipotea naweza kuikereza. Mtutu ukishatobolewa ndio basi. Baba alinunua bunduki hii mwaka niliozaliwa. Mimi na yeye tuna maneno ya kututosha tayari, sitaki tena na haya ya mtutu.

Nitaurudisha wiki hii. Nakutumia pia mpira mnene wa kuvisha kitako, kama soksi. Huo utasaidia kidogo, na ukimchukiza anauvua.

Hujaniambia kama analala vizuri na hilo bega. Sikuuliza, nasema tu hujaniambia.

Wendell


Gueydan
28 Septemba 1994

Wendell wangu,

Barua yako nimeisoma jikoni, nikaisoma tena bandani kwa kuku. Asante kwa viazi, sasa nimejua unakula. Binti wa Nolan amejifungua msichana, tumempelekea supu ya kuku.

Hapana, halali vizuri. Analalia upande mmoja kama gogo, na alfajiri anaamka. Zamani alikuwa anaamka namna hiyo kwenda kuwinda, mimi nageukia ukuta naendelea kulala. Sasa nikisikia mlango wa nyuma siwezi kulala.

Ngoja nikwambie anachofanya. Anakwenda kukaa kwenye ngazi za nyuma, na filimbi yake ya kuitia bata shingoni. Wale wa kwanza wameshaanza kushuka kutoka kaskazini, pengine wamepita juu ya paa lako. Anawaita. Unajua anavyojua kuwaita, kama jamaa zao. Wanageuka, mwanangu. Wanazunguka juu ya shamba, wanateremsha miguu. Kisha anatoa filimbi mdomoni na kuwaambia, "Nendeni tu, sina kitu." Nimemsikia kwa masikio yangu, nimesimama nyuma ya wavu na gauni la kulalia.

Mambo ya Terrel nayajua. Nilimpa chakula siku ile, alikuwa analia. Lakini baba yako wakati ule alikuwa na mabega mawili.

Unasema mna maneno ya kuwatosha. Mimi nilikuwepo. Uliondoka wiki ya kupanda mpunga, naye akasema, "Anayeondoka wakati wa kupanda asirudi wakati wa kula." Nilikuwa nimeshika sufuria, nikaipeleka mezani. Misimu minne sasa mezani kwangu kuna sahani mbili, na kila Krismasi napika supu ya gumbo ya kulisha parokia nzima, maana mkono haujui kupika ya watu wawili.

Sikuombi mrudiane maneno. Maneno yenu yaacheni hapo yalipo. Nakuomba matundu.

Mtutu usiurudishe.

Mama


Gueydan
20 Oktoba 1994

Wendell,

Barua yangu ulipata? Mpira wa kitako umefika, mtutu haukufika, barua haikufika. Nimeogopa usiwe umeumwa. Nimeogopa pia usiwe umekasirika, lakini kuumwa ndiko ninakokuogopa zaidi.

Jana baba yako alisimama mbele ya lile kabati muda mrefu na mkono juu ya kitasa. Nikaangusha sahani makusudi. Akaja kuniokotea vigae, hakurudi tena kabatini. Nimevunja ile ya maua ya bluu ya mama mkwe, siililii.

Niandikie hata mstari mmoja.

Mama


Grand Island
27 Oktoba 1994

Mama,

Siumwi. Samahani. Barua yako niliipata mapema kabisa.

Kila asubuhi nimeutoa mtutu nikaulaza kwenye benchi, na kila jioni nikaurudisha kwenye boksi la mapazia. Bosi wangu, mzee Kowalski, ananitazama tu. Juzi akaniuliza, "Huo mtutu una mgonjwa ndani?" Nikamwambia ni wa baba yangu. Akasema, "Basi mgonjwa ni wewe."

Mtutu una harufu yake bado. Yale mafuta anayopaka kila kitu, bunduki, trekta, bawaba za mlango. Na chini ya kile kigongo cha juu cha kulengea, pale kitambaa hakifiki, nimekuta tope la bwawani kwetu, limekauka. Nilitaka kulisugua litoke. Nikachukua sindano nikalitoa taratibu, nimeliweka kwenye kifuniko cha chupa, hapa dirishani. Ukilidondoshea maji linanuka nyumbani. Usimwambie mtu.

Nilichofikiria siku zote hizi ni zile ngazi. Kwamba bata wanapita juu ya paa langu kwanza, kisha wanakwenda kumsikia akiwaambia hana kitu.

Nimeutoboa Jumanne. Matundu yako kulia na kushoto kwa kigongo, kidogo nyuma ya mdomo, yameinama juu. Nilipima, nikapima, nikatoka nje nikavuta hewa, nikarudi kupima. Ndani nimeyasugua hadi kitambaa cha hariri kinapita bila kunasa uzi, maana tundu lenye meno ndani linakwangua kile kikombe cha plastiki kinachobeba marisawa, halafu mtutu unachafuka. Nje nimepaka rangi ile ile nyeusi. Kwa mbali hutayaona.

Nikafunga mtutu huo kwenye bunduki ya duka, ya aina ile ile, nikaupiga mwenyewe uwanjani. Mdomo haurushwi tena juu. Teke limekuwa la mtu anayekusukuma, si la punda. Pamoja na mpira wa kitako, bega litavumilia.

Mlio ni kama nilivyosema. Kwa anayepiga haudhuru sana. Nolan mwambie akae mbali, kama ukiweza kumwambia bila kumwambia.

Kazi hii nimeifanya vizuri kuliko kazi yoyote niliyowahi kufanya. Akikuuliza ni nani, sema fundi wa Nebraska. Jina halina haja.

Wendell


Gueydan
3 Novemba 1994

Mwanangu,

Umefika. Mtutu umefika siku ya Watakatifu Wote, baba yako ameshabeba ndoo ya chokaa na brashi kwenda kupaka makaburi ya wazee. Nikasema goti linaniuma. Ni mara ya kwanza tangu niolewe sikwenda kupaka kaburi la mama yangu. Nilimwambia kutoka hapa jikoni, Mama, unaniona nilivyo kazini, nitakuja kesho. Na jana nilikwenda na maua makubwa.

Nimeurudisha mtutu mahali pake. Nilipapasa yale matundu kwa kidole. Ni laini kama mdomo wa kikombe. Nilikaa nayapapasa mpaka kahawa ikachemka ikamwagika jikoni.

Hujaandika kama na wewe utakuja. Na mimi sijakuuliza, naandika tu kwamba hujaandika.

Mama


Gueydan
14 Novemba 1994

Wendell wangu,

Keti chini. Nakusimulia yote, na usiruke kwenda mwisho kama unavyofanya.

Ijumaa jioni Nolan alikuja kupanga mambo yake ya asubuhi. Baba yako anasikiliza, anakunywa kahawa. Nikafungua kabati, nikaitoa bunduki, nikaiweka mezani na ule mpira umevaa kitakoni. Nikasema, "Daktari amesema unaweza. Kama huendi, nakwenda mimi, na unajua sijui kulenga, nitakuulia mbwa."

Nolan akacheka. Baba yako akautazama ule mpira, akaubonyeza kwa kidole gumba. Hakuigeuza bunduki, hakuutazama mdomo wake. Akasema, "Alfajiri, basi," akaenda kulala. Nikasali rozari mpaka nikapotea, sijui niliishia wapi.

Wakaondoka na mtumbwi, Rouge mbele kama kijana. Mimi jikoni, nasikiliza. Unajua hapa unasikia kila bunduki ya shamba na unajua ni ya nani. Zikaanza za jirani Hebert, zikafuata za upande wa mfereji. Kisha ikalia moja ambayo sijawahi kuisikia, kama mtu amebamiza mlango wa bati wa ghala. Kuku wote wakainua vichwa. Nikasema, ni yeye.

Ikalia tena. Na tena. Halafu kimya. Na hapo jua halijatoka sawasawa, namwona Nolan anakuja kwa miguu, tope mpaka kiunoni, bunduki begani, kidole sikioni.

"Elda," akasema, na alikuwa anapaza sauti kama mimi niko Texas, "mumeo ameleta mzinga kibandani."

"Kaa unywe kahawa, Nolan."

"Nini?"

"Kahawa."

"Mara ya kwanza nikadhani nimepigwa mimi. Nikajipapasa. Mara ya pili nikadhani ni radi. Mara ya tatu nikamwuliza, 'Ovey, hiyo bunduki ina nini?' Unajua kaniambia nini? Kaniambia, 'Wewe Nolan umezeeka, unasikia vitu.' Ninasikia vitu? Sisikii kitu! Kesho nawinda na shemeji yangu. Hajui kulenga na ananuka, lakini bunduki yake ina adabu."

Akanywa vikombe vitatu vya hiyo kahawa nyepesi, akaenda zake.

Baba yako akarudi jua liko juu. Bata watano, mwanangu, na wote madume ya kichwa kijani. Akawaning'iniza kwenye msumari wake. Akanawa. Akaja kukaa mezani, akalivua shati begani nione. Wekundu tu, kama wa mtu aliyelalia mkono. Nikalitia dawa hata hivyo.

Akasema, "Nani kautoboa?"

"Umetoboa nini?" Ndivyo nilivyosema, nilichanganyikiwa.

"Elda. Mtutu umetoka humu ndani Septemba. Unadhani sijui uzito wa kabati langu?"

Nikafunga chupa ya dawa. Akasema, "Nilingoja nione utarudi na nini."

"Ni fundi wa Nebraska," nikasema.

"Aha. Fundi wa Nebraska." Akatazama kidole chake kidogo, akasema, "Anajua kazi, huyo fundi. Nimeingiza kidole kidogo kila tundu. Hakuna hata moja lenye jino. Mimi nisingeweza."

Hapo nikataka kulia, lakini akanionyesha kidole kwamba hajamaliza.

"Anajua kazi, lakini hana akili. Ametoboa bunduki ya mtu mwenye rafiki mmoja. Sasa Nolan amekwenda kwa shemeji yake, na upande wangu wa kulia hakuna mtu. Nani wa kuniangalizia upande ule? Rouge?"

Nikamwambia, "Wewe si ndiye ulimwambia Terrel mwenzake ni kunguru?"

"Nilimwambia. Na leo nilikaa na kunguru." Akavaa shati lake taratibu. "Mwandikie huyo fundi. Mtu akiharibu kitu cha watu anakuja kukitazama. Aje akae hapo kulia kwangu, asikie mwenyewe alichofanya."

Nikasema, "Ni mbali."

"Bata wanafika," akasema, akatoka kwenda kuwanyonyoa.

Sasa nikwambie neno moja nililoliona mwenyewe, hakuniambia. Jana baada ya Misa nilimkuta bandani, amezishusha buti zako ndefu za bwawani kutoka darini. Moja ilikuwa imetoboka gotini, unakumbuka. Ameiziba kwa kiraka cha tairi. Nikasimama. Akasema, "Panya wanazitafuna huko juu." Akazitundika kwenye misumari, miguu juu, karibu na zake.

Msimu unafungwa siku chache, unafunguliwa tena kabla ya Krismasi. Barua hii usiijibu. Nimechoka na karatasi, karatasi haivui viatu mlangoni ikaingia.

Lete pamba ya masikio.

Mama


Gueydan
17 Januari 1995

Mwanangu,

Umefika salama? Ulipita barafu? Nimekuta soksi yako moja chini ya kitanda, nimeifua nimeiweka. Sikutumii. Itakaa hapa.

Sufuria ya gumbo kwa mara ya kwanza nimeisugua ikiwa tupu. Na nikwambie, ile siku ya Krismasi uliponyoosha sahani yako kwangu, nilijifanya natafuta chumvi. Nilitaka baba yako akupakulie. Ulimwona? Kwa mkono wa bega bovu, mpaka ikamwagika. Mimi nikamwangalia Rouge.

Uliporudi kutoka kibandani asubuhi ile ya kwanza ukiwa kiziwi, unapaza sauti kama Nolan, na baba yako anapaza sauti kukujibu, kuku wangu wakaacha kutaga siku mbili. Nyumba haijawahi kuwa na kelele nzuri hivyo. Sasa imerudi kuwa ya saa ya ukutani.

Baba yako anauliza kama masikio yako yamepona. Nimemwambia uliza mwenyewe, kuna nafasi hapa chini. Amekaa na penseli tangu chakula cha mchana. Namwachia.

Mama yako, ambaye goti lake halijawahi kuuma


Wendell. Nolan bado hataki kurudi. Msimu umekwisha, nimevuta mtumbwi nchi kavu na bata bandia wote wako bandani. Kibanda nimekiacha na kiti changu kitalowa mvua, ni kizee. Cha upande wa kulia nimekifunika.